Supu Iliyobaki Bakulini

Bakuli la kwanza lilirudi jikoni saa tano na robo, na Wakae Togashi alijua kabla hata hajaliinua. Lilikuwa zito. Tambi zimekwisha, matango yamekwisha, nyama imekwisha, na supu yote ipo palepale, vipande viwili vya barafu vikizunguka juu yake bila haraka. Akamtupia jicho mumewe. Tatsuzo alikuwa amempa mgongo, kitambaa kimefungwa kichwani, anakung'uta tambi kwenye chujio. Wakae akalizamisha bakuli kwenye sinki, akafungulia bomba lote ili maji yapige kelele, supu ikaenda zake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu msimu wa cheri, mwezi wa sita. Sasa ilikuwa tarehe kumi na tatu mwezi wa nane, siku ya kwanza ya Bon, siku ambayo wafu wanarudi nyumbani na walio hai wanarudi kutoka Tokyo, na wote wanarudi na njaa. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwanaharamu huyu alikuwa hapiti. Kila siku mabakuli yalizidi kuwa mazito.

Katika bonde la Yamagata, mtu anayekula tambi baridi hali tambi tu. Akimaliza tambi huinua bakuli kwa mikono miwili, akainywa ile supu ya barafu mpaka tone la mwisho, akalitua mezani na kushusha pumzi. Kiangazi chote anachosubiri kipo kwenye funda hilo la mwisho. Unaweza kukuta mtu kabakiza nyama kwa sababu ya meno, au kabakiza tambi kwa sababu ya tumbo. Supu haibaki. Ikibaki, kuna jambo, na jambo hilo si la mlaji.

Kwa miaka arobaini na mmoja Wakae aliosha mabakuli makavu. Aliolewa katika nyumba hii akiwa na miaka ishirini na mitano, akaonyeshwa sinki siku ya tatu, na tangu hapo hajaondoka mbele yake isipokuwa kwenda kuzaa, kwenda kuzika, na kupeleka oda majumbani. Kwenye sufuria hakuwahi kuruhusiwa. Sufuria ilikuwa ya baba mkwe, kisha ikawa ya Tatsuzo, na kijiko cha kuonjea kilining'inia kwenye msumari wake na kila mtu nyumbani alijua ni cha nani. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita na magoti ambayo daktari aliyatazama kwenye picha akaguna. Alichokitaka duniani kilikuwa kidogo mno kiasi cha kumfanya aone haya kukisema. Alitaka kulala mpaka saa mbili asubuhi, siku moja ya kiangazi, na kuamka pasipokuwepo mtu anayesubiri chochote kutoka kwake.

Kila mwaka barafu ya majira ya baridi ilipoanza kuyeyuka alilileta jambo hilo, na kila mwaka Tatsuzo alimjibu bila kugeuka, "Msimu mmoja tu, mama Minako. Huu mmoja." Tatsuzo alikuwa hasemi uongo. Kila mara aliamini kabisa kuwa ni mmoja.

"Shemeji!" Orihara, dereva wa teksi, alichungulia dirishani mwa jikoni, fulana imemganda mgongoni. "Leo nyuzi thelathini na nane. Abiria wangu mmoja amekataa kushuka garini, anasema nimzungushe tu mpaka jioni."

"Na wewe ukamzungusha?"

"Nilimwambia, bibi, teksi si friji." Akacheka, kisha akalisukuma bakuli lake mbele, polepole, kama mtoto aliyevunja kitu. Tambi zote amekula. Supu ipo. "Imekuwa nyingi leo," akasema. "Halafu daktari naye. Chumvi, chumvi. Ananiandama kweli."

"Daktari gani? Wewe si ulisema hukanyagi hospitali mpaka ubebwe?"

Orihara alikuna shingo. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hudanganya vibaya sana. "Nilibebwa," akasema. "Kidogo."

Wakae hakucheka. Akalichukua bakuli upesi kwa sababu Tatsuzo alikuwa anageuka. "Shemeji," Orihara akamnong'oneza, uso wote umebadilika, "mzee anaendeleaje?" Wakae akajibu kuwa mzee yu mzima kabisa, mbona, na akafungulia bomba.

Hakuwa mzima. Mwezi wa pili Tatsuzo alishikwa na homa iliyomlaza siku tisa, na alipoinuka alirudi jikoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati wa baridi hakuna aliyegundua. Supu ya moto ina kipimo chake kilichoandikwa kwenye ubao tangu enzi za baba mkwe: nyama ya ng'ombe kiasi hiki, mwani mkavu kiasi hiki, sosi ya soya kiasi hiki. Hata mtu asiye na ulimi angeipika, na mvuke wake ungemsaidia. Supu ya baridi haina ubao. Baridi inaficha chumvi, inaficha utamu, na barafu inaongeza maji kadiri jua linavyopanda. Siku ya nyuzi thelathini supu inataka hivi, siku ya nyuzi thelathini na nane inataka vingine, na kila asubuhi mpishi anasimama peke yake na kijiko chake akaamua. Mafuta nayo lazima yaenguliwe yote, kwa maana mafuta ya ng'ombe yakigusa barafu yanaganda kama nta ya mshumaa, ndiyo sababu hutiwa ya ufuta, matone manne. Mafuta Tatsuzo aliyaengua vizuri kama kawaida. Kwa hilo macho yanatosha.

Wakae alikuwa amekwisha elewa, tangu siku ya tatu au ya nne ya supu ya baridi, kwamba ulimi wa mumewe hauonji tena. Mara nyingi alipokuwa peke yake sinkini aliinua bakuli lililobaki akagusisha midomo. Siku nyingine ilikuwa chumvi ya kukunja uso. Siku nyingine maji matupu. Hakusema. Mwanzoni hakusema kwa huruma, kwa kuwa Tatsuzo bila sufuria ile angekuwa mtu gani? Baadaye hakusema kwa woga. Na kulikuwa na sababu ya tatu ambayo hakupenda kuitazama usoni. Aliona kwamba wateja wakipungua wenyewe, polepole, duka lingekufa bila yeye kunyoosha kidole, na angepumzika bila kuonekana kuwa ndiye aliyeliua.

Oda ya nyumba ya Umetsu ilikuwa ya saa sita. Mabakuli kumi na moja. Hapa mgeni akija nyumbani haandaliwi, anaagiziwa tambi. Mwenye nyumba anapiga simu, duka linaleta, watu wanakula, mabakuli yanasuuzwa na kuwekwa nje mlangoni, na duka linapita kuyachukua. Kurudisha bakuli bila kusuuza ni jambo ambalo Wakae aliliona mara mbili tu maishani, na mara zote mbili ni watu waliokuwa wanahama mji. Bibi Kiyo Umetsu, mwenye miaka themanini na minane, alikuwa akiagiza kwao tangu Wakae ni bi harusi, na mabakuli yake yalirudi yanang'aa kuliko yalivyokwenda.

Mwaka huu ilikuwa Bon ya kwanza tangu mumewe afariki. Wakae aliyapanga mabakuli kwenye kigari, yamefunikwa nailoni, barafu kwenye sanduku lake peke yake, akaendesha madirisha yakiwa wazi kwa sababu kipoza hewa kilikufa mwaka juzi. Nyenze walikuwa wanapiga kelele kwenye kila mti. Alipofika alipanda ngazi tatu za mlangoni kwa awamu nne, magoti yakilalamika kila awamu.

"Karibu, karibu, uingie ndani!" Bibi Kiyo alikuwa amevaa nyeusi, mgongo umepinda lakini sauti imenyooka. Nyuma yake nyumba imejaa wana na wakwe na wajukuu. "Kumi za walio hai, moja ya mzee. Hiyo ya mzee itilie barafu wewe mwenyewe, hawa wa Tokyo hawajui kitu."

Wakae alilibeba bakuli mpaka mbele ya kishubaka cha waliotangulia, ubani unafuka, na pembeni farasi wa tango mwenye miguu ya vijiti, ambaye marehemu humpanda kurudia nyumbani. Picha ya mzee Umetsu ilimtazama. Mzee yule alikuwa akija dukani kila Jumamosi ya kiangazi, analitua bakuli lake tupu na kusema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Nimefika!" Wakae akaweka barafu vipande vitano, akafumba mikono, akainama. Rohoni akamwomba msamaha mapema.

"Mumeo hajambo?" Bibi Kiyo akauliza pale mlangoni.

"Hajambo, bibi. Kazi tu."

"Na wewe?"

Watu hawakumuuliza Wakae swali hilo mara kwa mara. "Mimi? Mimi ni wa kawaida," akasema, na akashuka ngazi.

Mchana ulikwenda kama unavyokwenda. Meza ziliingia, meza zikatoka. Wakae alimwaga mabakuli kumi na tisa, na la ishirini Tatsuzo alikaribia kuliona. Alikuwa amekuja kuchukua chujio, akasimama karibu naye akitweta kidogo, jasho likimchirizika kidevuni.

"Leo watu wengi," akasema, ameridhika. "Unaona? Na wewe ulitaka tufunge."

"Naona," Wakae akasema, na mkono wake ndani ya maji ulikuwa umelifunika bakuli.

Saa tisa walishusha pazia la mlangoni mpaka jioni, naye akaenda kuyafuata mabakuli ya Umetsu. Hayakuwa nje. Alimkuta Bibi Kiyo mwenyewe amekaa pale ukumbini juu ya mto, anajipepea, anamsubiri. Mabakuli kumi yalikuwa yamesuuzwa na kupangwa juu ya kitambaa. La kumi na moja lilikuwa pembeni, limefunikwa nailoni mpya, na chini ya nailoni lilikuwa limejaa.

"Hilo ni la mzee," bibi akasema. "Nikishamtolea huwa nakula mimi, ndiyo desturi. Tambi nimekula. Supu nimeiweka kwenye friji, na barafu niliitoa mapema, ili mtu asije akasingizia maji."

Wakae alisimama na trei yake mikononi.

"Keti, mwanangu."

"Nikiketi sitainuka, bibi."

"Basi simama." Bibi Kiyo aliacha kujipepea. "Wanangu wamekula wakasema tamu, mama, tamu sana, halafu nikaenda kuosha nikakuta supu kumi. Nikazimwaga kimyakimya, kwa heshima ya nyumba yako. Lakini ya mzee nilishindwa. Mtu amerudi kwake mara ya kwanza tangu afe, nikampa kitu ambacho angekitema. Nimeona aibu mbele ya picha, Wakae. Mimi, umri huu."

"Nisamehe, bibi."

"Wewe umefanya nini mpaka nikusamehe? Wewe ndiye unayepika?" Akamtazama, macho madogo, makali. "Tangu lini?"

"Tangu cheri."

"Na yeye anajua?"

Wakae akatikisa kichwa.

"Kwa nini hajui? Ana macho. Bakuli lililojaa si linaonekana?" Kisha Wakae akaona usoni pa bibi kwamba ameelewa. "Aa. Unamwaga." Haikuwa lawama. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyewahi kumwaga mengi yake mwenyewe. "Hili hutalimwaga. Hili utalibeba kama lilivyo, utaliweka mbele yake. Useme limetoka kwa Umetsu. Akikasirika, anikasirikie mimi, nina miaka themanini na minane, atanifanya nini?"

Njiani Wakae alisimamisha gari mara mbili. Mara ya kwanza palikuwa na taa nyekundu. Mara ya pili hapakuwa na kitu, ila mfereji wa maji pembeni mwa shamba la mpunga, na bakuli pale kwenye kiti cha abiria limefungwa mkanda. Sekunde tano zingetosha. Aliutazama ule mfereji kwa muda mrefu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata uamuzi wa kufungua mlango ulimshinda, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli bakuli lile likafika dukani. Watu husifia ujasiri, lakini mambo mengi duniani yamefanyika kwa kuwa mtu hakuwa na nguvu ya kufanya kinyume chake.

Tatsuzo alikuwa amekaa mbele ya feni juu ya kreti lililopinduliwa, anasoma gazeti. Wakae aliliweka bakuli mbele yake, juu ya meza ya kukatia, akaondoa nailoni.

"Hii nini?"

"Imetoka kwa Umetsu."

"Hawakusuuza?"

"Mengine wamesuuza. Hili hawakusuuza."

Tatsuzo alilitazama. Akaliweka gazeti chini. "Limejaa," akasema.

"Ndiyo. Ni la marehemu. Bibi Kiyo amesema nilete kama lilivyo."

Mumewe hakuwa mjinga, na alizaliwa katika mji huu. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi, ikawa nyekundu. Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akanywa. Alikunywa yote, koo likipanda na kushuka, bila kupumzika, jinsi mzee Umetsu alivyokuwa akinywa. Akalitua.

"Haya," akasema. "Ina nini?"

Wakae akamtazama.

"Nakuuliza, ina nini?" Sauti ilikuwa imeanza kwa hasira, lakini kabla haijafika mwisho wa swali hasira ilikuwa imekwisha, kwa sababu alikuwa ameuona uso wa mkewe. Feni iligeuka upande mmoja, ikarudi upande wa pili. "Mama Minako," akasema taratibu, "ni mbaya?"

"Ni mbaya."

Tatsuzo akavua kitambaa kichwani, akakikunja mara mbili, mara nne. "Tangu ile homa," akasema, "nikila ni kama natafuna gazeti. Wali, samaki, kachumbari, vyote gazeti. Nilisema itarudi. Kila asubuhi naweka kijiko mdomoni nasema, leo itarudi. Supu nilikuwa napika kwa kukumbuka. Nilidhani nakumbuka vizuri. Mbona mabakuli yalikuwa yanarudi matupu?"

"Yalikuwa hayarudi matupu. Nilikuwa namwaga."

"Mangapi?"

"Mengi, baba Minako."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Wakae alisubiri mlipuko, na mlipuko haukuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Uso wa mumewe ulianza kuchangamka. Aliinuka, akaenda kwenye msumari, akakitungua kijiko.

"Lakini wewe unaionja," akasema. "Ulimi wako mzima. Basi kazi ni nyepesi! Mimi napika, wewe unaonja. Unaniambia ongeza, unaniambia punguza, mimi naongeza, napunguza. Si ndiyo? Mbona hatukufikiri? Tunaweza kwenda hivyo hata miaka mitano." Akafungua friji, akachota supu ya jioni kutoka kwenye sufuria, akamnyooshea kijiko. "Anza na hii. Imekosa nini?"

Kama angepewa kijiko hicho akiwa na miaka thelathini, Wakae angelia kwa furaha. Wakati ule aliota sufuria ile usiku. Alikuwa na mawazo yake kuhusu mwani, kuhusu saa ya kuutoa majini, na aliyameza moja baada ya jingine mpaka yakaacha kuja. Akakipokea kijiko, akaonja.

Alijua. Alijua papo hapo, bila hata kufumba macho. Mwani ulikuwa umeachwa kwenye moto mpaka ukatoa uchungu, na sosi imezidi vijiko viwili ili kuuficha uchungu huo, na kwa joto la leo palihitajika sukari kidogo sana, ncha ya kidole tu. Jambo la kurekebishika kwa nusu saa. Maneno yalikuwa yamekwisha jipanga kinywani. Akaiona miaka mitano nyuma ya maneno hayo, yote kwa pamoja. Angeamka saa kumi alfajiri ili aonje kabla ya kuosha, kisha aoshe, kisha apeleke, kisha aonje ya jioni. Na hiyo mitano ingezaa mmoja tu, na mwingine mmoja tu.

"Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Naona tu si tamu. Imekosa nini, sijui."

Tatsuzo alibaki na mkono umenyooka hewani, ingawa kijiko kilikuwa tayari kwa mkewe. Alimtazama kwa muda ambao hakuwahi kumtazama, labda tangu siku ya harusi. Akatazama uso, akatazama mikono iliyovimba kwa maji, akatazama jinsi alivyosimama akiegemea ukingo wa sinki ili uzito usikae kwenye goti la kushoto.

"Unajua kuwa si tamu," akasema, "ila hujui imekosa nini."

"Ndiyo."

"Miaka arobaini na mmoja."

"Ndiyo."

Nje mtu alipita na baiskeli. Tatsuzo akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Umechoka kiasi hicho?"

Kinywa cha Wakae kilizoea jibu la swali hilo. Kawaida tu, kwani nini, mbona mimi mzima. Alilisikia jibu likipanda kooni, akaliacha lipite bila kulitoa.

"Nimechoka, baba Minako. Nimechoka tangu Minako yuko shule ya msingi."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kila mwaka."

Hakubisha. Alikaa tena juu ya kreti, na akiwa amekaa hivyo, nywele zimelala kwa jasho, alionekana mtu mdogo ambaye Wakae hakuwahi kukutana naye. Huruma ilimshika Wakae kifuani kwa nguvu kiasi kwamba alifungua mdomo. Angesema. Mwani, sosi, sukari, maneno matatu tu. Lakini Tatsuzo alikuwa amekwisha inuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, na kubonyeza namba ya kiwanda cha tambi ambayo vidole vyake viliijua bila macho.

"Ni Togashi hapa. Poleni na kazi. Jamani, za kesho msilete." Akasikiliza. "Hapana, si kwa ajili ya Bon. Na za kesho kutwa pia. Zote." Upande wa pili walizungumza kirefu, na Tatsuzo alikuwa akiinamia simu kwa heshima, kama vile wanamwona. "Hapana, siumwi. Wala hatujagombana." Akageuka kidogo kumtazama mkewe, kisha akageukia ukuta. "Mke wangu ameonja supu, amesema si tamu. Ndiyo. Basi, akisema yeye, imekwisha. Huyu katika miaka yote hii hajawahi kuniambia uongo hata mara moja."

Wakae alikuwa bado ameshika kijiko. Aliteremka taratibu mpaka akakaa sakafuni, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yakimruhusu, akajifunika uso kwa aproni, akalia. Tatsuzo alipoweka simu chini alimkuta hapo. Akadhani analilia duka. Akachuchumaa kando yake, akampapasa mgongo kwa mkono usiozoea kazi hiyo, akamwambia basi, basi, tumefanya vya kutosha, kesho utalala. Na yeye akazidi kulia, kwa maana ni kweli kesho atalala.